Jiwe la Mwanzilishi

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, siku ya Jumanne, nilipoliona jina la Mwalimu katika orodha ya makala mapya. Duka lilikuwa limetulia. Mteja wa mwisho alikuwa ameondoka na dawa ya kupe na nusu gunia la chakula cha ng'ombe, na mimi, kama ilivyo desturi yangu saa hizo, nilikuwa nimefungua ensaiklopidia ya Kiswahili ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea, nione nani ameandika nini. Nimeihariri kwa miaka mingi. Nimeandika kuhusu magonjwa ya mifugo, kuhusu mito, kuhusu aina za mahindi. Sijawahi kuandika kuhusu mtu ninayemjua.

Makala yenyewe yalikuwa mafupi. Yalisema kwamba Mwalimu ni msomi, mlezi wa vijana, na mwanzilishi wa shule yetu ya msingi hapa Kiplombe. Baada ya neno "mwanzilishi" palikuwa na namba ndogo ya kuonyesha chanzo cha habari hiyo. Niliibonyeza. Chanzo kilikuwa kijitabu cha mazishi ya mama yangu.

Nilisoma mara ya pili. Mteja akaingia, nikampimia chumvi ya ng'ombe, nikamrudishia chenji yake. Kisha nikasoma mara ya tatu.

Sitaeleza Mwalimu alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo yalikuwamo katika makala, na aliyeyaandika ni binti yake, ambaye hakuficha jina lake. Nitaeleza alivyokuwa, kwa kuwa nimemtazama tangu nikiwa mtoto, na kwa kuwa kumchukia mtu kwa haki kunahitaji kumjua vizuri.

Alivaa tai na gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya kukanyagia matope. Watu wa mjini waliokuja shuleni walicheka, naye aliwaambia tai ni ya darasa, gambuti ni ya Kiplombe. Mfukoni alikuwa na kalamu nyekundu, na hakuitumia kwa madaftari yetu tu. Kanisani, tangazo likisomwa vibaya, alisahihisha kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa lakini ilimfikia kila mtu. Siku moja padri alisema mkutano wa wazazi ni Jumamosi, na Mwalimu akasema, "Ni Ijumaa, Padri," na padri akasema, "Ni Ijumaa," kisha akaendelea na baraka kama mtoto aliyerudishwa kwenye mstari.

Hakuwa mtu wa viboko. Aliyekosea alipanda mti. Nyuma ya shule palikuwa na kipande cha ardhi chenye mawe, na kila kosa lilikuwa na shimo lake na mche wake wa mkaratusi, ule ambao sote huuita blugamu.

"Umefanya nini?" angeuliza.

"Nimechelewa, Mwalimu."

"Basi mti wako unakungoja. Usiuchelewee na wenyewe."

Mwenye kosa aliutunza mti wake mpaka ushike, na mti ukifa alipanda mwingine. Mimi nilikuwa na minne. Miaka ilipopita palikuwa na msitu pale, na kila mmoja wetu aliweza kuonyesha makosa yake kwa kidole. Mtu mmoja ambaye sasa ana malori mawili huko Moiben alikuwa na miti kumi na tisa, na hujivuna nayo hadi leo. Hakuna shule niliyoisikia yenye adhabu kama hiyo. Nakubali kwamba ilikuwa akili.

Nilipoacha shule katika darasa la saba, baada ya baba kuugua na pesa kwisha, wengine walimwambia mama yangu pole. Mwalimu alikuja nyumbani na kitabu. Alikuwa na ensaiklopidia ya zamani ya Kiingereza, vitabu vizito vyenye jalada la kijani, na alinikopesha kimoja kimoja. Sikupewa kinachofuata mpaka nijibu maswali ya kilichotangulia, na maswali yaliulizwa langoni kwake, nimesimama, ng'ombe wake wakinipita.

"Nieleze mapafu ya samaki."

"Samaki hana mapafu, Mwalimu. Isipokuwa wachache."

"Wachache gani?"

"Kamongo."

"Hilo umelitoa kitabuni?"

"Hapana. Kitabuni kuna jina refu. Mama anasema kwao ziwa likikauka, kamongo anakaa kwenye tope akipumua kama mtu."

Alicheka, akaandika jambo pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyekundu, akanipa kitabu cha saba. Nilikipenda kile kuliko vyote na nikaomba kukisoma tena, ndipo akaanza kuniita Namba Saba. Njia ninayotumia kulichunguza jambo, nani amesema, aliona au alisikia, anafaidika vipi, niliipata pale langoni. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Haimpunguzii kosa lake.

Lakini hakujulikana kwa miti wala kwa vitabu. Alijulikana kwa wafu.

Kwetu mtu akifa, historia yake husomwa kabla ya mahubiri. Familia huchapisha kijitabu chenye picha ya rangi, na ndani yake huwa na maisha ya marehemu: alikosoma, alikofanya kazi, aliowaacha. Mwalimu ndiye aliyeandika historia hizo Kiplombe nzima. Aliwaandikia wenyeji na wageni, Wakatoliki na Wapentekoste, wenye ekari mia na waliopanga chumba. Hakulipisha. Alikuja na gambuti zake, akaketi na wafiwa, akanywa chai, akauliza maswali, akaandika. Alikuwa na sharti moja, kwamba ndugu hashiki kalamu.

"Mtoto hawezi kumwandika mzazi wake," alikuwa akisema. "Ataandika shukrani. Mimi nataka historia."

Nilikuwapo siku alipomwandika jirani yetu mmoja, mwenye kinu cha kusaga. Mjane alisema, "Andika alikuwa mume mpole."

"Mpole siku gani?" Mwalimu akauliza.

Wafiwa wakatazamana. Mjane akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Krismasi," akasema. "Krismasi alikuwa mpole."

Mwalimu akaandika kwamba marehemu alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kutoa, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kurudi kutoka kinu chake na mahindi ambayo hayajasagwa kwa kukosa pesa. Iliposomwa, watu walicheka mazishini, na baadaye wakalia zaidi kuliko ambavyo wangelia kwa neno "mpole". Alikuwa bora katika kazi hiyo. Hilo ndilo linalonifanya nisimsamehe. Hakukosea kwa kutojua.

Sasa mama yangu. Alikuja hapa kutoka Magharibi akiwa bibi arusi, baba akiwa dereva wa trekta katika shamba kubwa la ngano. Wafanyakazi waliishi kwenye safu ya vyumba vya mabati, na watoto wao walishinda wakirusha mawe. Mama alikuwa amesoma kwao mpaka mahali ambapo msichana wa siku zile aliachishwa. Aliwakusanya watoto katika stoo ya mahindi, miezi ambayo stoo ilikuwa tupu. Hapakuwa na ubao, kwa hiyo asubuhi aliung'oa mlango wa stoo kwenye bawaba zake, akauegemeza ndani, akaandika juu yake kwa makaa. Jioni aliuosha na kuurudisha mahali pake ili mwenye shamba asikasirike.

Mwalimu alifika baadaye, kwa baiskeli, akiwa na cheti cha ualimu na barua ya serikali. Alifanya mengi na sitayakana. Alitafuta ardhi, alisajili shule, alisimamisha madarasa. Katika usajili huo mama yangu hakuwa na cheti, basi akapewa jiko. Alikoroga uji wa watoto mpaka magoti yakamkataa. Sikumsikia akilalamika. Ila kila siku ya wazazi, Mwalimu aliposimama kueleza jinsi alivyoianzisha shule, mama aliinama akafunga upya leso yake na kusema polepole, neno moja, "Alinikuta."

Nikiwa mdogo nilidhani anasema sala.

Alipofariki, Mwalimu alikuja na gambuti na chai ikapikwa. Tulimweleza. Mimi mwenyewe nilimweleza habari ya stoo na mlango, ingawa alizijua kuliko mimi, kwa kuwa alizikuta. Aliandika, akiitikia kwa kichwa. Siku ya mazishi alisoma kwa sauti yake ile: "Mwalimu alipoanzisha shule, marehemu alimpokea kwa moyo mkunjufu, akahudumu jikoni kwa uaminifu." Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimeketi mbele, kijitabu mkononi.

Ambaye si wa kwetu atauliza kwa nini sikusimama. Mazishini hakuna anayesahihisha. Kilichosomwa mbele ya jeneza kimesomwa. Ukisimama kupinga, wewe ndiye utakayezungumzwa mwaka mzima, na kosa litabaki palepale. Mwalimu, aliyemsahihisha padri mbele ya altare, alijua kwamba hapo ndipo mahali pekee Kiplombe ambapo yeye hawezi kusahihishwa.

Nikarudi dukani kwangu. Nikauza dawa za minyoo. Nikangoja, ingawa sikujua nangoja nini.

Siku mbili baada ya kuyaona makala yale, mwenyekiti wa kamati ya shule aliingia dukani. Ni mtu mchangamfu, anafuga ng'ombe watatu na huwazungumzia kama mawaziri.

"Nipe ile mafuta ya kiwele, Baba Nekesa. Huyu wangu mkubwa amekataa kukamuliwa. Na umeona? Mwalimu ameingia kwa intaneti! Hiyo sasa ni ya dunia nzima."

"Nimeona."

"Unajua ule ukumbi tumejenga? Tulikata blugamu za nyuma, zikatosha paa lote. Hata makosa yako iko huko juu, bwana. Sasa tunataka kuuita jina la mwanzilishi. Kwa mkutano mzee mmoja akauliza, mwanzilishi ni nani kwa maandishi? Tukakosa. Binti ya Mwalimu akasema ngojeni. Na ameleta."

"Ameleta ensaiklopidia."

"Ameleta, imeprintiwa, na picha. Jiwe linachongwa Kapseret, huko njia ya airport, marumaru safi. Ni yeye analipa, kamati haitoi kitu."

"Jiwe litasemaje?"

"Vile intaneti inasema. Mwanzilishi."

Nilimfungia mafuta yake katika gazeti. Sikumwambia lolote. Kumwambia kungekuwa maneno ya mtoto wa mpishi, na maneno hayo yalikuwa na umri wa miaka mingi bila kumtikisa mtu.

Jioni ile nililifikiria swali lenyewe kwa utulivu, kama ambavyo ningelifikiria kama lingekuwa la mtu wa Mombasa nisiyemjua. Je, mtu aandike makala ya ensaiklopidia kuhusu ndugu yake? Sheria za wahariri hazikatazi kabisa. Zinashauri kwa nguvu usifanye, na ukifanya utangaze. Upande mmoja una uzito. Nani atamwandika mtu wa Kiplombe kama si wa nyumbani kwake? Wasomi hawaji huku. Magazeti huja kama kuna ajali au kama kuna mkimbiaji. Tukiwangoja wageni, watu wetu wote watakufa bila mstari mmoja. Binti anajua baba yake alizaliwa lini, alisoma wapi, anapenda nini. Lakini pia anajua anachotaka kiwe kweli, na tangu utotoni ameishi ndani ya hadithi ambayo baba yake aliisimulia mezani. Sidhani alidanganya. Aliandika alichokula.

Na chanzo chake? Kijitabu cha mazishi, ambacho mwandishi wake ni Mwalimu. Alikuwa amejishuhudia mwenyewe, katika mazishi ya mtu mwingine, mahali asipoweza kupingwa.

Niliweka alama ya kupendekeza makala yafutwe. Katika ukurasa wa majadiliano niliandika sababu mbili, kwamba mwandishi ni mtoto wa anayeandikwa na kwamba chanzo kimeandikwa na anayeandikwa. Chini yake nikaongeza: "Natangaza kwamba marehemu wa kijitabu hicho ni mama yangu. Msomaji apime maneno yangu akijua hivyo." Nilitangaza kwa sababu ndiyo kanuni. Pia nilitaka binti wa Mwalimu asome na ajue ni nani aliyeweka alama.

Alisoma. Alijibu kesho yake: "Nani anamjua baba yangu kunishinda mimi?" Nikamjibu kwa maneno ambayo nilihakikisha ni sahihi neno kwa neno, kwa kuwa niliyasikia mara nyingi: "Mtoto hawezi kumwandika mzazi wake. Ataandika shukrani." Sikutaja aliyesema. Hakuhitaji kutajiwa.

Siku iliyofuata alikuja mwenyewe. Anafanya kazi ya uhasibu mjini, na aliingia dukani na viatu vyake vya ofisi, akasimama kati ya magunia.

"Uncle, hivi ndivyo unamlipa mzee?"

"Karibu. Kuna kiti."

"Sikuja kukaa. Nani alikupa vitabu?"

"Baba yako."

"Nani alimwandika mama yako mpaka watu wakalia?"

"Baba yako."

"Sasa shida yako ni gani?"

"Ndiyo hiyo."

"Wewe pia ni ndugu! Unanikataza mimi kumwandika baba, na wewe unapigania mama yako. Tofauti iko wapi?"

"Mimi sijaandika neno moja juu yake. Tafuta. Miaka yote hii nimekuwa na uwezo, na hakuna."

Alitoa simu yake mkobani, akairudisha. Mteja aliyekuja kununua sindano za kuchanja kuku akajifanya anasoma kibandiko cha dawa.

"Basi tafuta mtu amwandike," akasema. "Mtu wa nje."

"Aliyeona kwa macho yake na si ndugu yetu amebaki mmoja tu."

"Ni nani?"

"Kamuulize baba yako alikuta nini kwenye stoo ya mahindi."

Aliondoka bila kuaga. Msimamizi aliyeamua, mtu ambaye sijawahi kuonana naye na ambaye nadhani anaishi nchi nyingine, alifuta makala juma lililofuata kwa sentensi moja kavu. Nilifurahi. Niliisoma sentensi ile kama mtu anavyosoma barua ya posa. Nilifunga duka mapema, nikanunua nyama, na mke wangu aliponiuliza kuna nini nikamwambia hakuna kitu, nimesahihisha.

Kamati ilikutana. Mzee yule yule akataka kuonyeshwa tena, kwenye simu safari hii, si kwenye karatasi. Walitafuta. Mwenyekiti alinipigia palepale mkutanoni, nikisikia kelele nyuma yake.

"Baba Nekesa, wewe ndio mtu wa hizi vitu. Jana ilikuwa, leo haiko. Mwalimu ametolewa?"

"Ametolewa."

"Kwani amekufa?"

"Wafu hawatolewi, Mwenyekiti. Walioandikwa na watoto wao ndio hutolewa."

"Na jiwe limeshaletwa, liko hapa kwa pikap!"

"Ulizeni mwanzilishi ni nani," nikasema. "Ulizeni wazee waliosoma kwenye stoo, kama wako."

Wakauliza. Wapo wawili watatu, na kila mmoja alikumbuka mlango wenye makaa, lakini kila mmoja alikuwa mdogo mno kuapa. Kamati ikafanya kinachofanywa na kamati. Ukumbi ukaitwa Ukumbi.

Halafu Mwalimu akaniita.

Nilikwenda Jumamosi, saa nne asubuhi, jua likiwa zuri. Alikuwa barazani, blanketi magotini. Tai ilikuwapo. Gambuti hazikuwapo tena, alivaa ndara. Miguu haikuweza matope. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Binti yake alinifungulia lango na kuingia jikoni.

"Ni Namba Saba?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Keti. Usiogope, sina mti wa kukupandisha."

Niliketi. Aliuliza bei ya mahindi, nikamwambia. Aliuliza kama ugonjwa wa midomo na kwato umefika upande wetu, nikamwambia bado.

"Umenifuta," akasema.

"Sikukufuta. Niliuliza nani ameshuhudia. Ikaonekana ni wewe mwenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa, na ilimchukua muda kupata pumzi. "Vizuri. Hilo ningekupa alama zote." Kisha akapangusa mdomo. "Daktari amesema maneno yake. Huyu binti anataka kuandika historia yangu, nimemkataza. Nimewaandika watu wote hapa, na sasa mimi sina wa kuniandika. Andika wewe."

"Nina kinyongo na wewe, Mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana. Hutaniremba."

"Nitaandika yote."

"Umeanza?"

Nilikuwa nimeanza. Nilikuwa nimeanza siku aliposoma ile ya mama, kwa kichwa, nikiwa nimeketi mbele ya jeneza. Nikamwambia sentensi ya kwanza ninayo.

"Isome."

"'Alifika Kiplombe kwa baiskeli, akakuta watoto ishirini katika stoo ya mahindi, wanasoma, na mwanamke mmoja anawafundisha.'"

Binti yake alikuwa ametokea mlangoni na chai. Alisimama hapo na trei. Mkono wa Mwalimu ukapanda mpaka kwenye mfuko wa kalamu, ukakaa hapo.

"Thelathini na mmoja," akasema.

"Nini?"

"Watoto. Niliwahesabu. Na aliegemeza mlango juu ya magunia. Nilisimama nje nikamsikiliza mpaka akamaliza somo. Alifundisha vizuri kunishinda."

"Baba!" binti akasema.

"Weka chai, mama. Tunaandika."

Nilimuuliza kwa nini hakuandika hivyo.

"Wakati ule, ama mazishini?"

"Yote mawili."

"Wakati ule nilikuwa kijana na nilitaka shule. Mazishini nilikuwa mzee na nilikuwa nayo." Akageuza uso wake upande niliko, akinitafuta katika ukungu. "Ningeandika alivyokuwa, mimi ningekuwa nani? Mtu aliyeleta barua."

Baada ya hapo akangoja. Nilijua anangoja nini. Ilikuwa nafasi ya mimi kusema yamekwisha, Mwalimu, wewe ndiye uliyenipa vitabu. Yule mtoto wa langoni angesema hivyo. Mimi nilikunywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi.

"Utaisoma wewe mwenyewe?" akauliza hatimaye.

"Mimi mwenyewe."

"Polepole?"

"Polepole. Na kipaza sauti kikisumbua, nitairudia."

Alitikisa kichwa, na sikuweza kujua kama ni kukubali au ni uzee. "Hakuna anayesahihisha mazishini," akasema.

"Ulinifundisha."

Mpaka leo yuko hai. Nimeambiwa anakunywa mursik yake, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, kila asubuhi na anamsahihisha mtangazaji wa redio. Historia yake iko tayari, kurasa mbili zilizopigwa chapa, na nimeipitia mara nyingi nikitafuta uonevu. Miti imo, na vitabu vya kijani vimo, na yule mwenye kinu, na kamongo. Halimo neno lisilo la kweli. Sentensi ya kwanza inasema thelathini na mmoja. Kijitabu hicho hakitafaa kuwa chanzo cha makala juu ya mama yangu, kwa sababu mimi ninayekiandika ni mtoto wake, na siku mtu atakapokitumia hivyo, mimi nitakuwa wa kwanza kuweka alama. Lakini kitasomwa, kanisa limejaa, yeye amelala mbele yangu na familia yake yote imeketi, kijitabu mkononi, na hakuna atakayesimama. Sina haraka.

Jiwe la Kapseret liko nyuma ya stoo ya shule, uso wake umegeuziwa ukuta. Fundi alikataa kulichukua tena na hakurudisha hata ndururu. Limemgharimu binti wa Mwalimu, pamoja na kuchongwa na pikap ya kulileta, shilingi elfu ishirini na sita.